Narnia, Moomin au Spiderwick: umnunulie mtoto upi?

Kama unaishi Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe na unataka kumnunulia mtoto vitabu vya hadithi za ajabu vyenye picha, usianze kwa kuuliza kipi kitamu. Anza na hili: kikikosekana kimoja katikati, vilivyobaki vitasomeka?

Nasema hivyo kwa sababu maduka ya vitabu ya huku yanaishi kwa vitabu vya kiada, madaftari, Biblia na vitabu vya nyimbo. Hadithi za watoto kutoka nje zinatufikia kwa njia ya mtumba. Belo likifunguliwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, vitabu vinamwagwa juu ya turubai pamoja na mikoba na mikanda, na muuzaji anavipanga kwa unene. Leo utakuta cha nne, mwakani cha kwanza, cha tatu usikione kabisa. Anayetaka seti kamili anaagiza Dar, mzigo unapanda basi, na hapo bei ni habari nyingine.

Swali lenyewe kaniletea wifi yangu wa Kihesa, Iringa. Binti yake yuko darasa la tano, shule ya mchepuo wa Kiingereza, na kitabu chembamba anakimaliza kati ya chakula cha mchana na cha usiku. "Wifi, si wewe uliyekuwa hutoki jikoni na vitabu vyako vya wanyama wanaoongea? Haya, nichagulie." Namchagulia, ila najua wazazi wengi wa rika letu wana swali hilohilo, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Mifululizo ninayoilinganisha ni mitatu, yote nimeisoma mpaka mwisho. Narnia ni vitabu saba vya C. S. Lewis, vilivyotoka kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956, picha zikiwa za Pauline Baynes. Watoto wa Uingereza wanaingia ndani ya kabati la nguo na kutokea kwenye nchi ya theluji, wanyama wanaosema na simba mkuu aitwaye Aslan. Moomin ni kazi ya Tove Jansson wa Finland, aliyeandika kwa Kiswidi na kuchora mwenyewe: vitabu tisa, 1945 hadi 1970, kuhusu familia ya viumbe weupe wanene wenye pua ya kiboko, wanaoishi bondeni na kumkaribisha kila anayepita. Spiderwick ni vitabu vitano vya Wamarekani wawili, mwandishi Holly Black na mchoraji Tony DiTerlizzi, vilivyotoka 2003 na 2004. Humo ndugu watatu wanahamia nyumba kuukuu baada ya wazazi wao kuachana, na wanagundua kwamba nyumba hiyo na msitu wake vimejaa viumbe ambao watu wazima hawawaoni.

Kikikosekana kimoja

Hapa Spiderwick inaanguka vibaya. Ni hadithi moja iliyokatwa vipande vitano, na kila kipande kinaishia pale mambo yanapochemka. Mtoto mwenye cha kwanza, cha pili na cha tano hana hadithi, ana maswali. Na kwa kuwa ni vitabu vidogo, vinatawanyika kirahisi ndani ya belo. Ukikuta viwili, usidhani vingine vitakuja wiki ijayo.

Narnia inavumilia zaidi, ila ina mtego wake. Matoleo ya zamani ya Marekani yalipewa namba kwa kufuata mwaka wa kutoka: The Lion, the Witch and the Wardrobe ni namba 1, Prince Caspian namba 2. Mwaka 1994 wachapishaji HarperCollins wakayapanga upya kwa kufuata miaka ya ndani ya hadithi. The Magician's Nephew, kilichotoka cha sita, kikapanda kuwa namba 1, na The Lion kikashuka kuwa namba 2. Kwa hiyo juu ya turubai moja unaweza kukuta namba 2 mbili zisizofanana hata kidogo, na muuzaji akakuapia kuwa seti imetimia. Usihesabu namba. Andika majina yote saba kwenye simu yako kabla hujatoka nyumbani. Mbali na hayo matatu kuna The Voyage of the Dawn Treader, The Silver Chair, The Horse and His Boy na The Last Battle.

Mwaka 1957 Lewis mwenyewe alimwandikia mtoto mmoja wa Marekani akikubali mpangilio wa miaka ya ndani. Mimi nambishia marehemu. Ukianza na The Magician's Nephew, unaelezwa mapema jinsi nguzo ya taa ilivyofika katikati ya msitu. Umeshamnyima mtoto raha ya kuikuta imewaka palepale, theluji pande zote, bila maelezo. Anza na The Lion. Ukishakimaliza hicho, kingine chochote kikikosekana si msiba, na The Horse and His Boy kinasimama peke yake kabisa. The Last Battle ndicho kisiguswe mapema. Kinafunga kila kitu, kina vifo, na mtoto asiyewajua wanaokufa atakiona kigumu bure.

Moomin ndiyo inayovumilia kuliko yote. Unaweza kuanza na Comet in Moominland cha 1946 au Finn Family Moomintroll cha 1948, au hata Tales from Moominvalley cha 1962, ambacho ni hadithi fupi tisa, kila moja na mwisho wake. Kasoro yake ni kwamba huku ni adimu. Narnia utaikuta ukisubiri, lakini Moomin mara nyingi ni ya kuagiza. Uzuri ni kwamba ukiagiza kimoja tu hujanunua kipande cha kitu.

Picha

Kwa mtoto ambaye Kiingereza chake ni cha darasani, picha ina kazi ya kufanya: sentensi ikimshinda, inamvusha.

Baynes alichora Narnia kwa mistari myembamba ya wino na kuacha eneo kubwa jeupe, na theluji ya hadithi ikapata nafasi. Tazama picha ya Lucy, mtoto wa kwanza kuingia kabatini, na Bwana Tumnus. Kiumbe mwenye miguu ya mbuzi ana shali shingoni na vifurushi mkononi, mwavuli mmoja umewafunika wote wawili, nao wanatembea wameshikana mikono utadhani wanatoka sokoni. Hakuna kinachotisha, na mtoto anaelewa kwa nini Lucy alikubali kwenda kunywa chai kwa mgeni. Lewis aliwahi kueleza kwamba Narnia yote ilianzia kwenye picha ya namna hiyo, kiumbe mwenye mwavuli na vifurushi kwenye msitu wa theluji, aliyokaa nayo kichwani tangu akiwa na miaka kama 16. Pembeni alikuwa akinung'unika kwamba mchoraji wake hawezi simba. Lakini The Last Battle kilipopata medali ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto, na Baynes akampongeza, alimjibu kwamba medali hiyo ni yao wote wawili.

Kipenzi changu mimi kilikuwa The Silver Chair. Nakala yetu haikuwa na jalada la mbele, na ndani ilikuwa na muhuri uliofifia wa maktaba ya nchi nyingine. Nilikisomea Uyole mwezi wa saba, kwenye ile baridi inayofanya vidole vikatae kufungua kurasa, nimekaa karibu na jiko la mkaa mpaka mama analalamika kwamba kitabu kinanuka moshi kuliko mboga. Humo yumo Puddleglum, kiumbe wa majimaji, mrefu, mwembamba, miguu yenye utando na kofia ya ncha. Anatabiri mabaya tangu alfajiri: mvua itanyesha, kuni zitalowa, na tukinusurika na hayo njaa itatumaliza. Kila ukoo una mjomba wa namna hiyo. Halafu malkia mchawi anamwaga unga kwenye moto, moshi wake mtamu unawalegeza akili wote, wanaanza kukubali kwamba jua halijawahi kuwapo. Ni huyohuyo mnung'unikaji anayetembea hadi kwenye moto na kuukanyaga kwa mguu mtupu. Nikifika hapo nilikuwa natazama makaa ya jiko letu na kukunja vidole vya miguu.

Tahadhari moja ya ununuzi: filamu ya The Lion ilitoka 2005, na ikazaa vitabu vyembamba vya picha za filamu ambavyo ni muhtasari tu. Vinafanana kwa jalada na vitabu vyenyewe. Fungua ndani utafute jina la Pauline Baynes. Mwaka 1998 yalitoka pia matoleo ambayo picha zake alizitia rangi yeye mwenyewe, na ukikutana na mojawapo, lipa bila kubishana sana.

Jansson yuko tofauti, kwa sababu mkono ulioandika ndio uliochora. Hakuna pengo kati ya maneno na picha. Katika Moominland Midwinter cha 1957, Moomintroll, mtoto wa familia hiyo, anaamka katikati ya usingizi wa miezi, usingizi ambao familia nzima huulala kuanzia Novemba hadi Aprili wakiwa wameshiba majani ya msonobari. Nje ni giza. Picha nyingi za kitabu hicho ni weusi uliojaa ukurasa, mwanga ukiwa umekwanguliwa kwa mistari myeupe. Yupo humo Groke, kiumbe mkubwa mpweke ambaye anapokaa ardhi inaganda, na anachotafuta ni taa tu, apate kujisogeza. Mtoto wa Dar anahitaji kuelezwa. Mtoto wa Makete aliyeona sakitu imeunguza viazi usiku mmoja anamjua Groke kabla hajafika mwisho wa ukurasa.

Ila kama ningeruhusiwa kumwonyesha mzazi hadithi moja tu katika vitabu vyote hivi, ningemfungulia ile ya mtoto asiyeonekana, katika Tales from Moominvalley. Ninny analelewa na mwanamke asiyempenda, mwenye maneno ya kejeli kila siku, mpaka mtoto anafifia na kutoweka. Wanamleta kwa akina Moomin akiwa na kengele shingoni ili wajue alipo. Mama Moomin hamhoji. Anampa chakula, anamshonea gauni, na taratibu miguu inaonekana, halafu gauni lenyewe, na Jansson anamchora hivyohivyo, gauni limesimama bila kichwa juu yake. Uso unakuja siku Ninny anapokasirika kwa mara ya kwanza, akamng'ata baba Moomin mkiani. Kwenye nyumba zetu, ambamo watoto wa ndugu wanalelewa pamoja na wa kuzaa, hadithi hiyo hupiti nayo haraka.

DiTerlizzi ndiye fundi wa undani. Anachora viumbe wake kana kwamba amewakamata na kuwaweka mezani: kucha, magamba, masikio yaliyoraruka, mfuko wa ngozi uliofungwa kiunoni kwa kamba. Picha ni nyingi, na mbele kuna ramani ambayo mtoto atairudia kila mara. Kwa wingi wa picha kwa kila ukurasa wa maandishi, Spiderwick inashinda bila ubishi. Kwa picha zinazobaki kichwani miaka mingi baadaye, nampa Baynes, na najua nampendelea.

Kiingereza chake

Spiderwick ni rahisi kuliko yote. Kila kitabu kina kurasa mia moja na kidogo, herufi kubwa, mazungumzo mengi, Kiingereza cha leo. Mtoto wa shule ya serikali anayefanya vizuri Kiingereza darasa la sita au la saba ataimudu akiwa na kamusi pembeni. Matukio yanamvuta: Mallory anaamka asubuhi nywele zake zimefungwa kwenye kitanda, lawama zinamwangukia mdogo wake Jared, kumbe ni kiumbe mdogo wa ndani ya ukuta aliyekasirishwa kwa kubomolewa kiota chake. Kuna ugomvi wa ndugu, kuna kusingiziwa. Haya hayahitaji tafsiri.

Narnia ni Kiingereza cha Uingereza ya 1950. Sentensi ni ndefu kidogo, lakini Lewis ana tabia ya kumgeukia msomaji na kuongea naye, na hiyo inasaidia sana. The Lion kina sura 17 fupi. Ukisoma moja kila usiku, unamaliza kwa wiki mbili na siku tatu.

Moomin inadanganya. Maneno ni mepesi, ila kinachosemwa mara nyingi kiko chini ya maneno. Mtoto akisoma peke yake anaweza kuona hakuna kilichotokea: watu wamekunywa kahawa, mmoja amesafiri, mwingine amekaa kimya. (Kahawa ya akina Moomin haiishi. Nasi huku tunailima Mbozi na Rungwe, kisha tunakunywa chai.) Vitabu viwili vya mwisho, Moominpappa at Sea na Moominvalley in November, ni vya huzuni, na sidhani hata viliandikwa kwa ajili ya watoto. Viache mpaka mtoto awe sekondari. Cha kwanza kabisa, cha 1945, kilitafsiriwa Kiingereza 2005 tu, na ukikikosa hukosi kitu kikubwa.

Uchawi na dini

Mbeya ni mji wa makanisa, na mzazi akiona mchawi kwenye jina la kitabu anashtuka. Kwa Narnia mshtuko huo hautakiwi. Aslan anakubali kuuawa badala ya mtoto msaliti, kisha anafufuka asubuhi. Mtoto yeyote wa shule ya Jumapili atakuambia hadithi hiyo ameisikia wapi. Lewis alikuwa Mkristo na hakujificha.

Kinachotakiwa kuangaliwa Narnia ni kitu kingine. The Horse and His Boy kina taifa la Calormen, watu wa jangwani wenye ngozi nyeusi, vilemba na panga za kupinda, na wengi wao wamechorwa kuwa wakatili wanaouza watumwa. Aravis, msichana shujaa wa kitabu hicho, anatoka hukohuko, na hilo linapunguza makali, ila haliyafuti. Usikifiche. Kisome na mtoto, na muulize mwandishi aliwaza nini alipowapa wabaya sura ya jirani zetu.

Spiderwick ndiyo inayoweza kukuletea maneno kutoka kwa bibi. Majini, majitu, mazimwi yanayokula paka, yote yamechorwa kwa undani uleule niliousifia. Mtoto mwoga wa usiku asipewe, au apewe mchana. Moomin haina mchawi wa kumtisha mtu. Hatari kubwa ya Comet in Moominland ni nyota yenye mkia inayokuja kuiangukia dunia, na kama mtoto amewahi kupelekwa kukiona Kimondo cha Mbozi, atasoma huku akijua jiwe la angani lina ukubwa gani.

Upi sasa

Kwa binti wa wifi, Narnia. Kiingereza anakiweza, anasoma haraka, na vitabu vitakuja kimoja kimoja kadiri tutakavyovipata mimi Mwanjelwa na mama yake Iringa. Aanze na The Lion, na akikuta Prince Caspian kabla ya Dawn Treader vizuri, akikuta kinyume chake pia sawa. The Last Battle nitakishika mimi hadi sita vya kwanza vitimie.

Kwa mtoto wa miaka minane au tisa ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, na una uwezo wa kuagiza seti nzima mara moja, Spiderwick. Sharti ni vitano vyote au usinunue hata kimoja. Wavulana wawili wa jirani yangu hapa Soweto ya Mbeya, ambao mama yao alikwisha kata tamaa nao, walivigombania hivyo vitabu mpaka kimoja kikachanika mgongo. Filamu yake ya 2008 waliiona baadaye wakasema kitabu kinaizidi, nami sikuwabishia.

Kwa nyumba ambamo mtu mzima yuko tayari kusoma kwa sauti na kugeuza Kiswahili papo hapo, Moomin, na uanze na Finn Family Moomintroll. Kuna sura ambamo Moomintroll amejificha ndani ya kofia ya ajabu na kutoka akiwa na sura mbaya, rafiki zake wote wakamkana. Mama yake anamtazama machoni, kwa makini, na kumtambua. Soma hiyo usiku wa kwanza uone kama watoto watakuacha ulale.

Na kama Kiingereza chenyewe bado kabisa, usilazimishe. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha 1952, kina ndugu wawili waliogeuzwa manyani na mfalme anayetaka kujua kwa nini wanapigwa kila usiku. Si mfululizo na si chepesi, lakini kikisomwa kwa sauti kinamshika mtoto. Alice wa Lewis Carroll naye alipata Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na picha zake zikachorwa upya, Elisi akawa mtoto wa Kiafrika. Hicho sokoni hukipati. Maktaba ya mkoa ni mahali pa kuulizia, na ukiwa hapo angalia pia rafu ya watoto ya Kiingereza, maana vitabu vya msaada huwekwa humo bila mpangilio na mara nyingine utakuta Narnia imebanwa kati ya jiografia na upishi.

Ukinunua mtumba, fungua kurasa za mwisho kwanza. Jalada lililochanika linagundishwa, lakini sura ya mwisho ikichomoka, muuzaji hatakuwa nayo.